Mifuniko mingapi kwa bomba? Kupiga dawa ya magugu kwenye mahindi

Mvua ya Machi ikianza hapa Bweyale, Uganda, haipiti siku bila jirani kuingia uani na chupa mkononi: "Mama, niweke mifuniko mingapi ya dawa?" Nami humuuliza: bomba lako la kupulizia, lile la mgongoni, ni la lita 16 au 20? Eka moja unaimaliza kwa mabomba mangapi? Hapo wengi hunyamaza. Lebo hutaja dawa kwa eka au hekta, haijui wewe unatembeaje.

Basi kabla ya dawa, tia maji matupu. Pima kipande cha mita 10 kwa 10, ukipulize kwa mwendo wako wa kila siku, halafu ujaze bomba tena kwa chupa yenye alama uone yamepungua kiasi gani. Yakiwa lita 2, eka nzima, ambayo ni kama vipande 40 vya namna hiyo, itakunywa lita 80. Hayo ni mabomba 5 ya lita 16. Lebo ikisema lita 1 kwa eka, kila bomba linapata mililita 200. Ikitaja hekta, gawanya kwanza kwa 2.5. Kijana wangu anatembea kama anakimbizwa na nyuki, kwa hiyo akibeba yeye napima upya.

Shamba likiwa na majani mengi kabla ya kupanda, natumia glaifoseti. Hii haichagui, inaua kila mmea wa kijani, mahindi yakishaota usiiguse. Majani yawe mabichi na yanakua. Lumbugu, ile nyasi ya mizizi mirefu, niliyoilima naiachia ichipue vizuri kwanza, maana dawa inaingilia kwenye majani ndipo ishuke mizizini. Maji yawe safi. Ukichota ya tope bwawani, udongo ule unaishika dawa hata kabla haijafika kwenye jani. Kongwa, gugu lile linalotambaa, hata ukilipiga huwa inabaki inakutazama; hiyo ing'oe na uitoe shambani kabisa, kipande cha shina kikiachwa kwenye unyevu kinashika tena.

Baada ya kupanda kuna mchanganyiko wa atrazini na S-metolaklori. Naupiga ndani ya siku tatu, magugu hayajatokeza, udongo una unyevu na hauna mabonge. Juu ya vumbi kavu dawa hii inalala tu. Na hapa niseme kosa langu. Msimu mmoja nilichanganya mahindi na maharage kama tulivyozoea, nikapiga atrazini bila kusoma. Maharage yaliota vizuri, nikafurahi. Kisha majani yakaanza kuwa manjano pembeni, yakakauka kuanzia ukingoni, na nikabaki na mahindi peke yake. Nilikwenda dukani na hasira, muuzaji akanifunulia lebo yangu mwenyewe. Siku hizi penye maharage natumia jembe, au S-metolaklori peke yake ikiwa lebo inataja maharage.

Magugu yakikutangulia, bado kuna nafasi mahindi yakiwa madogo. Nikosulfuroni inaua majani ya jamii ya nyasi. Mimi huipiga mahindi yakiwa na majani matatu hadi sita. Usiichanganye na dawa ya viwavijeshi yenye klorpirifosi au ndugu zake wa jamii ya oganofosfeti, wala usizifuatanishe bila kuacha siku ambazo lebo inataka. Mahindi yanadumaa. 2,4-D ni ya majani mapana kama kishona nguo na mchicha pori. Ukichelewa nayo, mabua yanakuwa mepesi kuvunjika kama vijiti vya kiberiti, upepo mmoja unayalaza. Wiki sita za kwanza ndizo zinazokula mavuno. Mahindi yakishatoa mbelewele, pesa ya dawa nunulia sukari.

Kwa ndugu zangu wa Tororo na Busia wanaosumbuliwa na kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi: kikitokeza juu ya ardhi, kimeshanyonya mizizi tayari. King'oe kabla hakijatoa maua, kisiongeze mbegu.

Dawa bandia zipo, na nyingi. Chupa isiyo na muhuri au yenye lebo iliyobanduka irudishe, na risiti usiiache.

Napiga asubuhi, upepo ukiwa umelala, na gambuti, glavu, barakoa na shati la mikono mirefu. Upepo wa saa tano uliwahi kuipeleka 2,4-D yangu kwenye muhogo wa jirani, majani yakajikunja kama masikio ya mbuzi. Nilimlipa. Chupa tupu naisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia nayamimina ndani ya bomba, halafu naitoboa kwa msumari, kwa sababu lazima atatokea mtu wa kuiomba aweke mafuta ya taa au maziwa.

Na bomba la 2,4-D nimelipaka rangi nyekundu mgongoni. Hilo haliendi kwenye nyanya, hata likioshwa kwa sabuni siku nzima.