Riwaya ya taharuki kuhusu rushwa mahakamani: anza na jalada la kesi

Kabla hujaandika sura ya kwanza, andika kesi yenyewe ikiwa safi. Nani kakamatwa, saa ngapi, kwa kosa gani. Kielelezo, yaani kitu kinachotolewa mahakamani kama ushahidi, kilipewa namba ipi, kikatunzwa wapi, kikatoka kwa saini ya nani. Kesi ilitajwa lini, ikasikilizwa lini. Kurasa tatu au nne zinatosha. Ukishaona ilivyopaswa kwenda, ndipo uivunje, tena mahali pamoja tu. Ukimlisha rushwa kila mtu, kuanzia askari hadi jaji, msomaji hana tena wa kumtilia shaka, na taharuki inafia hapo.

Jaji kupokea bahasha mkono kwa mkono ni njia dhaifu. Uchunguzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ulioitwa Operation Greylord, jijini Chicago miaka ya 1980, uliwatia hatiani majaji 15, na mara nyingi hongo ilipitia kwa watu wa kati, wakiwemo mawakili na askari wa mahakama. Mpe jaji wako mjumbe, kisha mpe mjumbe huyo kitu anachoogopa kukipoteza. Huyo ndiye atakayetema siri.

Tuseme umechagua kuvunja kwenye kielelezo. Pakiti ya heroini inapimwa siku ya ukamataji: gramu 412. Siku tisa baadaye maabara inaandika gramu 371. Usimwambie msomaji kuwa kuna aliyeiba. Mfungulie daftari la vielelezo. Imetoka saa 4:10 asubuhi, imepokelewa maabara saa 9:40 alasiri, na kati ya hapo hakuna saini. Wakili wa utetezi hahitaji kumtaja mwizi. Saa tano na nusu zisizo na mwenyewe zinamtosha kuitikisa kesi nzima. Ila angalia: uzito wa kwanza ukiwa pamoja na kifungashio na wa pili bila kifungashio, tofauti hiyo ni halali kabisa, na msomaji anayejua kazi hii atakukamata. Eleza wazi kwamba kifungashio kilitolewa mara zote mbili.

Kesi kuahirishwa ni silaha nzuri kuliko bastola. Kila ahirisho liwe na sababu ya heshima (shahidi hajafika, wakili anaumwa, jalada halionekani masjala) na kila moja lidhuru kitu: shahidi anahama, kumbukumbu inafifia, familia inaishiwa nauli.

Rufaa ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa kawaida majaji wa rufaa husoma mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu zilizoandikwa za yaliyosemwa katika mahakama ya chini. Shahidi mpya haingii tu kwa kufungua mlango. Ukimhitaji, yawepo kwanza maombi ya kuleta ushahidi wa ziada, pamoja na sababu ya kutopatikana kwake mapema.

Rasimu ikiisha, nakili pembeni kila hati, tarehe na saini iliyotajwa, uzipange kwa saa. Pengo lolote ambalo hukulikusudia lizibe kabla hujagusa lugha.