Kabla hujaandika njia statiki kwenye ruta

Njia statiki ni ile unayoiandika mwenyewe kwenye ruta (kifaa kinachounganisha mitandao), kuiambia mtandao fulani unafikiwa kupitia wapi. Kwanza usikimbilie kibodi, chukua karatasi uchore. Ruta A ina mtandao wa 192.168.10.0/24, ruta B ina 192.168.20.0/24, katikati kuna waya wenye 10.0.0.1 upande wa A na 10.0.0.2 upande wa B. Kwenye A unaandika kwamba 192.168.20.0/24 inapitia 10.0.0.2, sawa, ila hapo umefanya nusu ya kazi. Pakiti, yaani kifurushi cha data, inafika kule vizuri tu, kompyuta inaipokea na inajibu, sasa jibu likifika B, B haijui 192.168.10.0 iko wapi, inalitupa, na wewe huku unaona pingi (jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu) kimya unaanza kubadilisha waya ambao hauna shida yoyote. Mimi hilo lishanilia usiku mzima. Kwa hiyo chora mishale miwili, wa kwenda na wa kurudi, na kila ruta iliyopo njiani iwe inazijua pande zote mbili.

Maski nayo, ile namba ya baada ya mkwaju inayosema mtandao una ukubwa gani, icheki mara mbili. Ukiandika /25 badala ya /24, mashine za .1 mpaka .127 zinapatikana, za kuanzia .128 hazipatikani kama hamna njia nyingine ya kuzibeba, na tatizo la nusu nusu hivi linasumbua sana kulitafuta.

Jiulize pia mbele pakikatika itakuwaje, maana njia statiki haina habari na kinachoendelea huko, kama poti yako bado iko hewani njia inabaki kwenye jedwali la njia la ruta na pakiti zinaenda kupotea. Ukiwa na laini ya pili weka njia ya akiba, kwenye ruta za Cisco statiki ya kawaida ina umbali (namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo inatumika kwanza) wa 1 basi akiba ipe hata 200, lakini weka na kipimo cha kupingi upande wa pili, bila hicho ile ya kwanza haitoki na akiba haiingii.

Kwenye Linux njia uliyoongeza kwa amri inafutika ukizima mashine mpaka uiandike kwenye faili la mipangilio, kwenye Windows ongeza -p kwenye amri ya route add ili njia ibaki.

Na kama ruta iko mbali umeingia kwa SSH (kuingia kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao), tafadhali usiguse 0.0.0.0/0, ile njia ya kila kisicho na njia yake, hivi hivi. Kwenye Cisco hifadhi mipangilio iliyopo, andika reload in 10, ndo ubadilishe bila kuhifadhi tena. Ikikukata, baada ya dakika 10 itajiwasha na mipangilio ya zamani, ikikubali andika reload cancel haraka kisha uhifadhi.