Namna ya kusafisha vito nyumbani bila kuviharibu

Vito vingi vinavyofika kwenye meza yangu ya usonara vikiwa vimeharibika havikuharibiwa na kuvaliwa, bali na kusafishwa. Mtu huona pete yake imefifia, akachukua alichokikuta jikoni na kuisugua kwa nguvu, ikang'aa siku moja tu, kisha ikabaki na mikwaruzo. Ndiyo maana somo hili linaanza na kutambua kabla ya kuosha.

Hatua ya kwanza: tambua ulichonacho. Chunguza upande wa ndani wa pete au kwenye kifungio cha mkufu utafute namba iliyogongwa. Namba 750 ni dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu halisi. 585 ni karati 14. Na 925 ni fedha iliyochanganywa, mara nyingi na shaba, ili isiwe laini mno. Ukiona rangi nyingine inachungulia mahali panaposuguana na ngozi, kito hicho ni cha kuchovya, na tabaka lake ni jembamba kiasi kwamba kila msuguo hulipunguza. Kisha tazama jiwe. Almasi na yakuti kwa kawaida huvumilia maji na sabuni. Lulu, marijani, feruzi, opali na kaharabu hazifai kulowekwa. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili kuficha nyufa zake, na maji ya moto huyatoa mafuta hayo, nyufa zikajitokeza.

Hatua ya pili: kagua meno yanayoshika jiwe. Isogeze pete karibu na sikio, uitikise polepole. Ukisikia jiwe linagonga, usiioshe. Ipeleke kwa sonara.

Hatua ya tatu: loweka. Tumia bakuli, kamwe si sinki lililo wazi. Tia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, uache kwa dakika 15 hadi 20.

Hatua ya nne: piga mswaki kutokea nyuma. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hupapuuza. Ukigeuza pete ya almasi utaona nyuma ya jiwe utando wa kijivu uliotokana na mafuta ya ngozi, losheni na mabaki ya sabuni. Almasi hunata mafuta kwa urahisi, na utando huo ukiziba upande wa chini, mwanga unaoingia kwa juu haurudi kama inavyopaswa, hata kama uso wa jiwe ni safi. Chukua mswaki laini wa mtoto, upitishe taratibu katikati ya meno, na utando utabanduka kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa.

Hatua ya tano: suuza na kausha. Suuza katika bakuli la pili, futa kwa kitambaa laini, kisha acha kito kikauke kabisa kabla ya kukihifadhi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Cheni yangu ya fedha imekuwa nyeusi. Je, imepata kutu?*

Marahaba. Hiyo si kutu. Ni fedha iliyoungana na salfa iliyomo hewani. Tandaza karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, laza cheni juu yake ili zigusane, nyunyiza kijiko cha soda ya kuokea, kisha mimina maji ya moto. Salfa itaiacha fedha na kuhamia kwenye aluminiamu, na huenda ukasikia harufu kama ya yai viza. Usifanye hivyo kwa kito chenye mawe, chenye gundi, cha kuchovya, au kilichotiwa weusi kwa makusudi ili nakshi zake zionekane.

*Dawa ya meno je? Nyumbani kwetu tumeitumia miaka yote.*

Ninaomba muiache. Ina chembe za kusugulia, na dhahabu na fedha ni laini kuliko watu wanavyodhani.

*Nilizisafisha lulu za marehemu mama kwa siki, sasa zimepauka. Zinaweza kurudi?*

Pole sana, dada yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii nami niliwahi kuharibu jozi ya hereni za lulu kwa namna hiyohiyo, na sijaisahau. Lulu kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti, ambayo tindikali huila, na tabaka lililoliwa halirudi. Zilizosalia zilinde: jipulizie marashi kwanza, vaa lulu mwisho, na ukizivua zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiziloweke, kwa sababu uzi ukilowa hulegea, na usizitundike, bali zilaze.

*Nivue pete ninapoogelea?*

Ndiyo, na pia unapotumia dawa za kusafishia zenye klorini. Klorini hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu, na yale meno membamba yanayoshika jiwe huweza kupata nyufa na kukatika.

*Ninaweka vyote katika sanduku moja. Kuna ubaya?*

Upo. Almasi hukwaruza kila kito kilicho jirani nayo, hata almasi mwenzake, kwa hiyo kila kimoja kipate kifuko chake cha kitambaa laini, na mikufu ifungwe vifungio kabla ya kulazwa isije ikasokotana.