Kupeleka Mswada wa Hadithi za Kutisha kwa Mchapishaji Mdogo

Kabla ya kupeleka mswada, soma vitabu kadhaa vya mchapishaji huyo, kwani wapo wanaopenda hofu inayojengwa polepole na wapo wanaotaka damu tangu ukurasa wa kwanza. Zingatia masharti yake ya urefu. Mkataba ndio unaohitaji umakini zaidi: hakikisha unaeleza haki unazompa, kwa muda gani, na jinsi zitakavyokurudia iwapo kampuni itafungwa, jambo ambalo kwa wachapishaji wadogo si nadra. Anayekudai fedha ili akuchapishe, mwepuke. Wala usitarajie mauzo ya haraka. Arkham House, kampuni ndogo ya Marekani ya kuchapisha hadithi za kutisha, ilitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1939 kwa nakala 1,268 tu, nazo zilichukua miaka kadhaa kumalizika.