Namna ya kueleza jambo kwa uteuzi asilia bila kujificha nyuma ya "ili"

Utotoni Muheza nilimeza klorokwini, na aliyewahi kuimeza anaukumbuka ule uchungu na muwasho wake. Katika miaka ya 1990 dawa ile ilikuwa inashindwa waziwazi. Mtoto alimaliza dozi, siku chache homa ikarudi, na bibi yangu alikuwa na maelezo yake: "Malaria imeshaizoea hiyo dawa." Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha dawa ya mseto.

Sasa nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka neno la bibi linarudi kwenye madaftari: "Vimelea vilizoea dawa ili viishi." Sentensi hiyo fupi ina makosa mawili, na anayeweza kuyaona yote mawili ameshafika mbali. Nitaeleza ninavyowafundisha kuiandika upya.

Anza na swali. Kabla hujaandika jibu lolote, jiulize kama unaeleza mmoja au kundi. "Kwa nini kimelea hiki hakifi kwa klorokwini?" Jibu lake limo ndani ya kimelea chenyewe. Kimelea humeng'enya hemoglobini, protini nyekundu ya damu, ndani ya kifuko chake, na humo ndimo klorokwini inamojikusanya. Kimelea sugu kina protini iliyobadilika inayoitoa dawa nje ya kifuko. Basi, swali limekwisha, na uteuzi hatujautaja. Lakini ukiuliza, "Kwa nini karibu vimelea vyote vya eneo hili ni sugu?", hapo umeingia kwenye uwanja wake. Uteuzi asilia hueleza kwa nini sifa fulani imeenea katika kundi. Wanafunzi wengi hukosea hapa mapema kabisa, kwa sababu maswali yote mawili huanza na "kwa nini".

Sasa lifute neno "kuzoea". Anayezoea ni mtu mmoja, katika maisha yake mwenyewe: ulimi huzoea pilipili, viganja huzoea jembe. Mkulima mwenye viganja vigumu huzaa mtoto mwenye viganja laini kama wa karani. Ugumu ule ulimsaidia kweli, lakini haurithiwi, kwa hiyo uteuzi hauna cha kushika. Uteuzi unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: tofauti kati ya viumbe, tofauti hiyo irithiwe, na iwe sababu ya wengine kuacha uzao mwingi kuliko wenzao. Kikikosekana kimoja, tafuta maelezo mengine.

Badala ya "kuzoea", weka hesabu. Mimi huiandika ubaoni kwa tarakimu za kubuni. Chukua vimelea 1,000, na 10 kati yao viwe sugu kabla dawa haijafika. Dawa inaua tisa katika kila kumi ya vile vya kawaida, na vile sugu haiviui. Katika 990 vya kawaida vinabaki 99. Sugu ni 10 vilevile. Sugu wametoka asilimia 1 wakafika 9. Waache waongezeke tena hadi 1,000 kwa uwiano huohuo, kisha toa dawa mara ya pili: nusu kwa nusu. Mara ya tatu: asilimia 91. Halafu nauliza darasa, "Nionyesheni kimelea kilichobadilika." Hakuna. Aliyekuwa wa kawaida alikufa akiwa wa kawaida au alipona kwa bahati. Kilichobadilika ni kundi. Darasa hunyamaza hapo, na huo ndio ukimya ninaoupenda kuliko makofi.

Mwanafunzi makini atauliza: utajuaje kwamba wale 10 walikuwepo kabla ya dawa? Ni swali zuri, na lilijibiwa kwa vitendo. Mwaka 1952 wanasayansi wa Marekani Joshua na Esther Lederberg walikuza makundi ya bakteria kwenye sahani, wakagandamiza juu yake kitambaa cha mahameli, wakahamishia nakala kwenye sahani zenye dawa. Walioota kwenye dawa walitokea mahali palepale katika kila nakala. Wakarudi kwenye sahani ya mwanzo, ambayo haikuwahi kuguswa na dawa, wakachukua bakteria wa mahali pale, na baada ya kurudia zoezi hilo wakapata bakteria sugu. Usugu ulikuwepo. Dawa iliukuta, ikaupa nafasi.

Kwa malaria ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Malawi. Waliacha klorokwini mwaka 1993, mapema kuliko sisi. Kule Blantyre vimelea vyenye jeni ya usugu vilikuwa takriban asilimia 85 mwaka 1992, na kufikia mwaka 2000 vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 13. Bibi angesema vimeisahau dawa. Wataalamu walipochunguza jeni zenyewe walikuta kwamba vimelea vya kawaida vilivyorudi ni vya nasaba nyingi tofauti, yaani masalia ya wale wa zamani waliokuwa wamebaki wachache, wakaongezeka tena. Kama vimelea sugu vingekuwa vimegeuka kuwa vya kawaida, tungeona alama za nasaba ile moja au mbili za usugu. Hakuna aliyezoea, na hakuna aliyesahau.

Limebaki neno "ili". Silipigi marufuku kabisa. Moyo upo ili usukume damu: sentensi hiyo naikubali, kwa sharti kwamba ukiamshwa usiku uweze kuifungua. Waliokuwa na moyo uliosukuma damu vizuri waliacha uzao mwingi, uzao ukarithi, na ndiyo maana tuna mioyo ya namna hii. Sasa jaribu, "Moyo upo ili utoe mdundo." Mdundo ni wa kweli, na daktari anautegemea. Lakini hakuna babu yetu aliyewashinda wenzake kwa uzao kwa sababu moyo wake ulisikika. Mdundo umekuja pamoja na usukumaji, kama wekundu wa damu ulivyokuja pamoja na hemoglobini. Ukichekecha unga kwa chekeche, na kwa bahati chembe ndogo zote ni nyeupe, chini utapata unga mweupe. Chekeche halikuona rangi. Lilipima ukubwa tu. Kwa hiyo kila sifa unayoieleza, uliza kama ndiyo iliyochujwa au imefuatana tu na iliyochujwa. Na pengine ni bahati tupu, hasa katika makundi madogo. Ukishindwa kujua, andika hivyo.

Mwisho, maelezo yako lazima yawe na kitu kinachoweza kuyaangusha. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alidhani kwamba jeni ya selimundu imeenea kwa sababu mwenye nakala moja hukingwa na malaria. Hakuishia kudhani. Kama ni kweli, jeni iwe nyingi penye malaria ya mwaka mzima, na haba nyanda za juu na maeneo makame. Alipima, akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuna jeni nyingi, na nyanda za juu chache. Tena alipima damu ya watoto 290 nchini Uganda: kati ya 43 wenye jeni, 12 walikuwa na vimelea, na kati ya 247 wasio nayo, 113. Alichapisha matokeo mwaka 1954. Ramani ingeweza kumkatalia. Maelezo ambayo ramani yoyote itayakubali hayajaeleza kitu.

Nilikuwa nimemaliza kufundisha mfano huohuo siku moja, wengine wametoka, akabaki binti mmoja wa kidato cha sita mwenye selimundu. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, kwa hiyo mimi naumwa ili wengine wasife kwa malaria?" Nilitazama ubao. Neno "ili" lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu.

Nilimwomba akae, tukarudi kwenye swali la kwanza kabisa. Kwa nini jeni hii ni nyingi kwetu? Kwa sababu kwa vizazi vingi wenye nakala moja walipona malaria kali kuliko wenzao, wakazaa. Kwa nini wewe unaumwa? Kwa sababu baba alikupa nakala moja na mama moja, na wazazi wote wawili wakiwa na nakala mojamoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutokea hivyo. Jibu la kwanza halina jina lako ndani yake. Hukuwekwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Nilifuta ubao nikaandika upya, bila lile neno. Aliinakili sentensi nzima, akafunga daftari, kisha akaniuliza wadogo zake wawili anaweza kuwapeleka wapi wakapimwe.