Homa ya uti wa mgongo ikiingia hosteli: fanyeni hivi kuanzia usiku uleule

Naanza na jina, manake jina lenyewe linachanganya watu. Homa ya uti wa mgongo siyo UTI. Narudia, siyo ile UTI ya njia ya mkojo ambayo nusu ya hosteli kashawahi kuambiwa anayo. Hii ni maambukizi ya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na ile inayotutisha zaidi vyuoni inaletwa na bakteria anaitwa meningokoka, anakaa kooni na puani, na mtu kama 1 kati ya 10 anaweza kutembea naye bila kuumwa chochote. Anahama kwa mate na kwa kukoholeana, kwa watu wanaokaa karibukaribu muda mrefu. Sasa niambieni ni wapi watu wanakaa karibukaribu kushinda chumba cha hosteli chenye vitanda vitatu vya deka na dirisha moja ambalo limefungwa kisa mbu.

Mi ni nesi hapa Tanga. Kabla ya unesi nilisoma chuo kingine hapahapa mkoani, nikawa waziri wa afya kwenye serikali ya wanafunzi, na mwaka huo mwenzetu wa chumba alipata ugonjwa huu. Alikuwa peke yake, haikufika kuitwa mlipuko, lakini tulichojifunza usiku ule ndo nawaandikia, wadogo zangu, kwa sababu mgonjwa wa pili anazuiwa siku ya mgonjwa wa kwanza.

Usiku wa kwanza ni kazi ya mwenzako wa chumba

Ilianza jioni, kichwa na homa, tukasema malaria, akameza panadoli akalala. Saa nne usiku anatapika. Saa saba anatuomba tuzime taa, macho yanamuuma, na mwenzetu mmoja ambaye mama yake ni mganga wa zahanati akamwambia hebu inamisha kichwa kidevu kiguse kifua, hakuweza, shingo ilikuwa imekakamaa kama ubao. Ndo tukajua hapa siyo malaria ya kusubiri asubuhi.

Kwa hiyo dalili za kushika ni hizo: homa ya ghafla, kichwa kikali kuliko alivyozoea, shingo kukakamaa, kutapika, kuogopa mwanga, kuweweseka au kusinzia usingizi usioamshika. Siyo lazima zote zije pamoja. Kuna na vipele vidogo vya zambarau au vyekundu, na kwa ngozi zetu nyeusi mgongoni au kifuani vinaweza visionekane kabisa, kwa hiyo washa tochi ya simu uangalie viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, na kaakaa la juu mdomoni. Ukiona kipele, chukua glasi ya kioo angavu, ibonyeze ubavu wake juu ya kipele hicho. Kikififia, sawa, bado nenda hospitali kama homa ipo. Kikibaki palepale unakiona kupitia kioo, hiyo ni damu imevuja chini ya ngozi na hapo hamna tena cha kujadili, mtoeni mgonjwa sasa hivi. Na tafadhali msisubiri vipele, wengine hawavipati kabisa.

Mgonjwa akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kupiga kelele, hapa kwetu wa kwanza kutajwa ni jini. Mi ni mtoto wa Ngamiani, nimesomewa sana utotoni, siwezi kumbeza mtu anayemsomea mwenzake. Msomeeni, lakini msomeeni mkiwa ndani ya bajaji. Ugonjwa huu unaweza kuua mtu mzima mwenye afya zake ndani ya saa 24, na hata anayetibiwa, kama mtu 1 kati ya 10 anafariki. Kila saa ina thamani kweli.

Nimesema bajaji siyo bodaboda, manake mtu anayeweweseka hawezi kujishika nyuma ya pikipiki. Namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala karibu na chuo zibandikwe nyuma ya mlango wa kila chumba. Sisi tulipoteza dakika karibu arobaini getini, mlinzi anataka fomu ya ruhusa yenye sahihi, mwenye sahihi kalala na simu kazima. Mlinzi simlaumu, alikuwa anafuata alichoambiwa. Ila nyie mlio kwenye serikali ya wanafunzi, nendeni leo mkakubaliane na meitroni na patroni kwa maandishi, mgonjwa wa usiku anatoka kwanza, fomu inafuata asubuhi.

Mkifika hospitali, iwe Bombo au kituo chochote kilicho karibu, semeni sentensi moja mapokezi: ana homa, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza, na anakaa hosteli. Hilo la hosteli msilisahau. Na kipimo cha malaria kikitoka pozitivu, bado taja shingo, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na ukinyamaza atapewa dawa ya malaria arudishwe chumbani.

Kuna kipimo cha kutoa maji ya uti wa mgongo, na hapo ndugu wengi wanakataa, wanasema atapooza. Waelezeni ndugu taratibu: sindano inaingia chini kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwa hiyo haiuchomi. Yale maji ndo yanasema ni bakteria gani na wa kundi gani, na jibu hilo litaamua chanjo gani chuo kizima kitapata. Lakini sindano ya dawa, mara nyingi seftriaksoni, haipaswi kusubiri majibu ya maabara. Ulizeni kwa adabu: dokta, ameshaanza dawa?

Saa 24 za kwanza: kaunta buku

Hapa ndo pana moyo wa kazi yote, na hapa ndo vyuo vingi vinaweza kukosea.

Waliokuwa karibu sana na mgonjwa katika siku 7 kabla hajaanza kuumwa wanatakiwa kupata dawa ya kinga, ikiwezekana ndani ya saa 24 tangu mgonjwa ajulikane. Ikishapita kama wiki mbili haina tena faida kubwa. Karibu sana maana yake aliyelala naye chumba kimoja, mpenzi wake, aliyemkisi, wa kushea naye mswaki au sigara. Mliokaa naye ukumbi mmoja wa lekcha mara moja, au mlipishana koridoni, hamuhusiki, pumueni.

Sasa ofisi ya hosteli itatoa orodha yake ya chumba. Orodha hiyo ina watu sita. Ukweli wa chumba ni mwingine. Kuna wabebwa, wanaolala wawili kitanda kimoja mzungu wa nne kwa sababu hawakupata nafasi au hawana hela ya hosteli, hawamo kwenye karatasi yoyote, na ndo wamelala karibu zaidi na mgonjwa kuliko mtu yeyote. Kuna na mpenzi ambaye hakuna anayetakiwa kumjua. Mkiingia mnauliza kwa sauti ya ukaguzi hakuna atakayejitaja, na mtu mmoja aliyejificha anatosha kuendeleza mnyororo.

Sisi tulifanya hivi. Nilienda kwa mshauri wa wanafunzi nikamuomba neno moja, kwamba yeyote atakayetajwa kwa ajili ya dawa hataulizwa habari ya chumba, siyo leo siyo mwisho wa muhula. Akakubali, akaja mwenyewe akasimama mlangoni akalisema. Alafu akaondoka, na hilo la kuondoka lilikuwa muhimu kuliko maneno. Tukafungua kaunta buku, jina, namba ya simu, mara ya mwisho kuwa na mgonjwa. Mmojammoja, nje, pale kwenye kamba za kuanikia nguo, siyo mbele za watu. Kwenye karatasi ya ofisi walikuwa sita. Kwenye kaunta buku walifika kumi na moja, na mmoja alikuwa kijana wa chuo kingine kabisa anayekaa Makorora. Tungeenda na karatasi ya ofisi, watano wangebaki bila dawa.

Buku hilo anakabidhiwa mtu wa afya, halipigwi picha, haliendi kwenye grupu.

Dawa yenyewe anaitoa mtu wa afya kwa orodha hiyo. Kwa mtu mzima mara nyingi ni siprofloksasini dozi moja tu ya miligramu 500, au rifampisini mara mbili kwa siku kwa siku 2, na hii ya pili mkojo na machozi vinageuka rangi ya chungwa, msitishike, ila inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango kwa hiyo dada zangu semeni kama mnatumia. Mjamzito naye aseme, kuna sindano kwa ajili yake. Msikimbilie duka la dawa kununua kila mtu za kwake. Mtu asiyehusika akimeza anaharibu dawa kwa wote, na wakati mwingine stoku inaisha wale wa deka ya chini hawajapata. Na aliyemeza asijione yuko salama kabisa, dalili zinaweza kutokea kuanzia siku ya 2 hadi ya 10, mara nyingi kama siku ya 4, kwa hiyo kwa siku 10 kila chumba kimoja ashike zamu mtu wa kuuliza wenzake asubuhi na usiku: homa? kichwa? shingo?

Tangazo litoke kabla ya voisi

Mkinyamaza hadi saa sita mchana, itatoka voisi ya mtu asiyejulikana inasema wamekufa wanne. Taarifa ya ugonjwa inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyohiyo, na kutangaza kwamba ni mlipuko ni kazi ya serikali siyo yenu. Lakini chuo kinaweza kusema kinachojulikana. Mnaweza kuandika hivi:

"Ndugu wanafunzi, mwenzetu mmoja anatibiwa hospitali, inashukiwa ni homa ya uti wa mgongo. Waliokuwa naye karibu sana wanapigiwa simu kwa ajili ya dawa ya kinga. Kama hujapigiwa na unadhani unahusika, njoo dispensari ya chuo, hutaulizwa unalala wapi. Ukipata homa na kichwa kikali au shingo kukakamaa, usisubiri, muamshe mwenzako muda wowote. Taarifa nyingine saa kumi jioni. Unaweza pia kupiga 199 bure."

Jina la mgonjwa halimo, chumba hakimo. Na saa kumi ikifika toeni hiyo taarifa hata kama hamna jipya, andikeni hamna jipya.

Kufunga chuo, kupuliza dawa

Shinikizo la kwanza litakuwa funga chuo. Nawaomba msikimbilie huko kabla watu wa kaunta buku hawajapata dawa na wataalamu hawajashauri. Ukifunga leo, kesho asubuhi watu wako Kange wanagombania mabasi, yule mwenye bakteria anaanza kuumwa kichwa akiwa Segera, anazidiwa akifika Chalinze, na pale hakuna anayejua kwamba katoka kwenye chumba chenye mgonjwa. Waliokwisha ondoka wapigieni simu, na mzazi aambiwe dalili.

Kupuliza dawa vyumba na kuchoma magodoro ni hela imepotea, bakteria huyu akiwa nje ya mwili hadumu. Fungueni madirisha mchana, wekeni vyandarua badala ya kufunga madirisha kisa mbu, na hela ya kupulizia nunueni vipimajoto.

Chanjo

Wazee wetu waliokwenda Hijja wanaijua, manake Saudia inataka cheti cha chanjo hii angalau siku 10 kabla ya kuingia. Ile inakinga makundi manne, A, C, W na Y. Kundi B lina chanjo yake tofauti. Chuo kikuu cha Princeton kule Marekani walipata mlipuko mwaka 2013, likawa kundi B, na chanjo ya makundi manne haigusi B. Ilibidi serikali yao iruhusu chanjo ambayo ilikuwa bado haijasajiliwa nchini kwao. Wagonjwa walifika 9, na aliyefariki alikuwa mwanafunzi wa chuo kingine aliyekuwa karibu na wanafunzi wa Princeton. Ndo maana nimesisitiza maji ya uti wa mgongo, na ndo maana nilimfuata yule kijana wa Makorora. Chanjo ikiletwa chanjeni, ila inachukua kama wiki moja mpaka mbili kufanya kazi, haichukui nafasi ya dawa ya kinga.

Akirudi

Mgonjwa akishapata dawa sahihi kwa saa 24 haambukizi tena. Mwenzetu aliporudi baada ya wiki tatu alikuta kitanda chake kimehamishiwa stoo, na waliofanya vile ni watu waliokuwa wakimpenda, woga tu. Msifanye hivyo. Mtandikieni kitanda, mwekeeni noti alizokosa.

Na masikio yapimwe, kabla hajaruhusiwa au ndani ya wiki 4 baada ya kutoka. Kama mtu 1 kati ya 5 wanaopona wanabaki na tatizo la kudumu, na kupoteza usikivu ni mojawapo la kawaida kabisa. Mwenzetu tulimwona ameanza kukaa mbele darasani, akiitwa hageuki, tukadhani ametununia. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda. Tangu siku tuliyojua, ukitaka kumwambia kitu unakaa kulia kwake.