Pasenti baadaye: jinsi ya kupata matibabu ya PTSD (lile jeraha la akili linalobaki baada ya mambo ya kutisha) kama ulitumikia jeshi la Marekani

Ukikutana na Wakenya waliotoka jeshi la Marekani, iwe ni kwa matanga au bathidei ya mtoto, salamu ya tatu huwa ni hii: "wewe uko na pasenti ngapi?" Yaani ile asilimia ya ulemavu unayopewa na VA, idara ya serikali ya Marekani ya waliotoka jeshini, ndiyo inaamua utalipwa ngapi kwa mwezi. Sina shida na pasenti, mimi pia napokea zangu. Shida ni kwamba wengi wetu tunaamini lazima ushinde klemu, yaani lile ombi la pasenti, ndio utibiwe, sasa mtu anakaa miaka mitatu halali usiku akingoja barua. Si hivyo bana. Matibabu ni mlango wake na pesa ni mlango wake, na ule wa matibabu uko wazi kuliko tunavyodhani.

Mimi niliingia kwa MAVNI, ile programu ya 2009 iliyochukua watu wenye visa hata bila green card bora wajue lugha fulani, na Kiswahili kilikuwa kwa listi. Nikawa dereva wa lori Afghanistan. Nikarudi Texas nikawa nasema niko poa, lakini nikiwa I-35 nikiona mfuko mweusi wa takataka kando ya barabara, kama ni kule tulikokuwa tunaogopa mabomu ya kufichwa, nakata leni tatu bila indiketa, mpaka mke wangu akaacha kupanda gari yangu, akawa anaenda kanisani kwa lifti ya jirani.

Basi anza na Vet Center. Usiichanganye na hospitali ya VA, hizi ni ofisi ndogo ndogo za kawaida, ziko karibu 300 nchi nzima, zilianza 1979 kwa ajili ya wale wa Vietnam ambao wengi walikuwa hawataki kuona jengo la serikali. Kaunselingi ni bure, hawaulizi pasenti, si lazima uwe umejiandikisha VA, na faili yako inakaa kwao, haiendi kwa VA wala jeshini bila ruhusa yako isipokuwa maisha ya mtu yawe hatarini. Wanachukua waliokuwa vitani, waliodhulumiwa kingono wakiwa jeshini, waliokuwa wanashughulikia miili ya wenzao, hata wale wa droni ambao hawakutoka Marekani. Namba ni 877-927-8387, usiku na mchana. Watakuuliza DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, na kama ilipotea kwa kuhamahama unaiomba bure National Archives, usimlipe mtu. Lakini usingoje karatasi ndio upige simu, piga kwanza, watakusaidia kuitafuta.

Sasa ukifika, kuna kitu kimoja kitakuharibia siku kuliko fomu zote, nacho ni neno "poa". Sisi tumelelewa hivyo, mtu akikuuliza habari unajibu nzuri hata kama nyumba inaungua. Mimi siku ya kwanza kaunsela aliniuliza unalala vipi, nikasema poa tu. Akaandika kitu. Akaniuliza, kitandani mnalala na nani? Nikakaa kimya, kwa sababu mke wangu alikuwa amehamia chumba cha watoto tangu usiku nilioamka nikiwa nimemshika mkono nusura nimvunje. Hapo ndio tukaanza. Kwa hivyo kabla ya kwenda, kaa chini na mtu unayeishi naye uandike kwa simu vitu vinavyoonekana kwa macho: unalala masaa mangapi, umeacha kwenda wapi, mara ya mwisho umefokea watoto kwa sababu gani. Kwa VA nesi atakupitisha maswali matano: ndoto au kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa, kukwepa vitu, kushtukashtuka, kujihisi mbali na watu, na kujilaumu. Jibu ya mwezi huu, usijibu ya siku ile ulikuwa na furaha.

Matibabu yenyewe si kupiga stori miaka kumi. Yako matatu ya kuulizia kwa majina: CPT, PE na EMDR (hii unakumbuka ile siku huku macho yakifuata kitu kinachoenda huku na huku). CPT ni kama vikao 12, unashika yale mawazo yaliyokukwama ("ningeangalia kioo angekuwa hai") unayapima kama mtu anapima ushahidi. PE ndiyo nilifanya, vikao 8 mpaka 15 vya karibu saa moja na nusu, unasimulia ile siku moja tena na tena, unarekodiwa, halafu nyumbani unajisikiliza. Kikao cha tatu nilifika mahali nikamwambia kaunsela hapa siwezi kusema kwa Kiingereza, haitoki. Akasema sema vile inatoka. Nikaisema yote kwa Kiswahili, mama wa watu haelewi hata neno moja, ametulia tu, nilipomaliza ndio nikamtafsiria. Ile rekodi niliisikiliza ndani ya gari kwa parking ya duka wiki nzima. Wiki ya kwanza ni mbaya, sikudanganyi, wengi hutoroka hapo hapo, mwambie kaunsela kabla hujatoroka. Kwa upande wa dawa, sertraline, paroxetine na venlafaxine ndizo mwongozo wa VA na jeshi wa 2023 unazipendekeza, na mwongozo huohuo unakataa zile za jamii ya Xanax na Valium kwa PTSD. Mchungaji wangu alitaka nifunge siku saba. Nilifunga, na kikao nikaenda, moja haikuzuia nyingine.

Foleni nayo? Kliniki moja sitaitaja ilinipa tarehe ya baada ya miezi miwili na mimi nikasema asante. Usiseme asante. Kama VA haiwezi kukuona kwa mambo ya akili ndani ya siku 20, au ni zaidi ya dakika 30 kuendesha gari, unaweza kutumwa kwa daktari wa nje na VA ikalipa, hiyo inaitwa Community Care, uliza kwa jina. Ama uombe vikao vya video ukiwa nyumbani.

Na usijifungie nje mwenyewe. Aliyedhulumiwa kingono jeshini anatibiwa bure kwa hilo bila pasenti na bila kuonyesha kwamba aliripoti. Hata aliyetoka na diskaji mbaya ile ya "other than honorable", kama alikaa zaidi ya siku 100 na alikuwa vitani, anaweza kupata huduma ya akili, kwa hivyo wacha VA yenyewe ikukatalie, usijikatalie.

Kama bado uko ndani na unaogopa sajenti, kuna Brandon Act, jina limetoka kwa Brandon Caserta, baharia aliyejiua 2018. Unamwambia mkubwa wako unataka kupimwa akili chini ya sheria hiyo, si lazima useme sababu, na yeye anatakiwa akupeleke haraka iwezekanavyo.

Mawazo ya kujiua yakija, hizi zote weka kando. Piga 988 bonyeza 1, au tuma meseji 838255. Tangu Januari 2023 wengi waliotumikia wanaweza kuingia emajensi ya hospitali yoyote, hata isiyo ya VA, bila kujiandikisha kwanza, na VA inalipa, mpaka siku 30 ukilazwa na 90 ukitibiwa ukitoka nyumbani.

Pesa sasa, kwa ufupi. Wiki hiyohiyo unayoanza vikao, weka "intent to file" kwa VA, yaani taarifa kwamba utaleta klemu, inakushikia tarehe mwaka mzima wakati unatafuta karatasi. Halafu tafuta mtu wa DAV, VFW au American Legion, vyama vya waliotoka jeshini, akujazie bure. Rafiki yangu alikatwa maelfu na jamaa wa mtandaoni aliyemwahidi asilimia mia, na kisheria hakuna mtu anaruhusiwa kukutoza kwa klemu ya kwanza.

Na wewe mke, mama, kaka unayesoma hii kwa sababu mwenyewe amekataa: kuna laini yenu, Coaching Into Care, 888-823-7458, mnafundishwa namna ya kuongea naye. Mke wangu aliipigia mwezi mzima bila mimi kujua. Siku moja akaniambia twende dukani, akashika usukani yeye, akapaki mbele ya Vet Center, akazima gari, akatoa uzi wake wa kufuma.